Sista, Nimemruhusu Mama Keji Maharagwe

Sista Akello,

Sijui kama huko uliko barua zinafika, lakini wewe ulikuwa husazi karatasi, hata ile iliyofungiwa mandazi ulikuwa unaisoma. Basi naandika. Ni mimi Poni, tabibu wako wa kliniki ya Munuki, hapa Juba. Miezi mitano imepita tangu tukuzike, na bado wagonjwa wanachungulia mlangoni wakiuliza Sista yuko wapi. Kiti chako wamenipa mimi. Kinanipwaya.

Acha nianze na asante, maana nikiichelewesha nitalia na sitamaliza. Nilirudi Juba kutoka Nakuru na diploma mpya na mdomo mwingi. Kitabu cha mwongozo wa magonjwa ya tumbo nilikuwa nimekikariri jalada hadi jalada, na kila kilichoandikwa humo niliona kina uzito mmoja. Wewe, muuguzi kutoka Uganda uliyeanza kazi hapa mimi nikiwa bado shule ya msingi, ulinikalisha ukanionyesha namba na herufi ndogo mwishoni mwa kila agizo. Mimi nilikuwa naziruka.

"Namba iko kelele yao," ulisema. "Herufi iko vile wanajua." Moja maana yake wanaagiza kwa nguvu, mbili wanapendekeza tu. A ni utafiti uliofanywa vizuri, ukarudiwa, ukatoa jibu lile lile. D mara nyingi ni wataalamu wamekaa mezani wakakubaliana. Tukapitia kitabu kizima kwa penseli, kurasa mbili kila siku baada ya chai. Dawa za kuua bakteria wa vidonda vya tumbo zilikuwa 1A, nikafurahi kana kwamba nimezitengeneza mimi. Tukafika kwenye chakula: mgonjwa wa vidonda asile maharagwe, pilipili wala vitu vichachu. 1D.

Uliuwekea mstari ule alama ya penseli, ukaanza kuandika orodha ya majina. Kumbe ulikuwa unawakumbuka watu. "Mimi nilikataza hawa wote janjaro," ulisema, kwa jina tunaloyaita maharagwe hapa Juba, "na hakuna mtu alipima." Kesho yake ukaanza kuwatafuta, Munuki hadi mtaa wa Hai Cinema, nyumba kwa nyumba, kuwaambia kwamba uliwanyima chakula kwa neno lisilo na ushahidi. Mimi niliona aibu kwa niaba yako, Sista. Nilidhani watatudharau. Sikuwahi kumwona mkubwa wa kliniki akienda kwa mgonjwa kusema nilikosea, na wewe ulikwenda na mwavuli wako kama mtu anayekwenda kanisani.

Kisha presha ikakuchukua, na orodha yako haijaisha.

Mama Keji, yule muuza chai wa soko la Custom, hukumfikia. Alikuja mwezi uliopita nguo zikimning'inia. Nilipima vyote tunavyoweza kupima, nikampeleka hospitali wakamwangalia tumbo kwa kamera. Kidonda kilipona zamani, kwa dawa ulizompa wewe. Mwili wake ulikuwa unaisha kwa njaa tu. Miaka yote hiyo, siku ambazo nyumbani hakuna kingine ila janjaro, alipakulia watoto na yeye akanywa uji.

Nikajua la kusema, na halikuwa kama lako. Ulipokwenda kwa wengine ulijikosoa mwenyewe. Mimi nilitakiwa kumkosoa marehemu, mbele ya mama aliyelia kwenye mazishi yako kuliko mimi. Nilishika penseli nikaishusha. Siku ile ningeweza kumwandikia vitamini akaenda zake, na jina lako likabaki safi.

Nilimwambia. Alinitazama vibaya sana. "Sista alikataza mimi. Sasa amekufa, wewe unataka mimi vunja maneno yake?" Nikamfungulia kitabu, nikamweleza namba na herufi, nikamwambia wewe mwenyewe uliweka alama ile ya penseli, na kwamba ulikuwa njiani kumwambia. Akaufuata mstari kwa kidole, ingawa hajui kusoma Kiingereza. Halafu akauliza, "Na hii yako ya leo, iko na herufi gani?"

Sista, laiti ungekuwepo ucheke. Nilimwambia ukweli: ya chini kabisa, D. Hakuna aliyethibitisha kwamba maharagwe yanadhuru, wala hakuna aliyewapima watu kama yeye kuthibitisha kwamba hayadhuru. Tuanze na kidogo, tuone tumbo lake linasemaje. Nilitegemea aondoke. Akaguna, akasema, "Basi unaongea kama yeye," akaanza kuulizia apike vipi.

Jana alikuja tena, uso umejaa kidogo. Hakuleta maneno mengi, alileta chai yenye tangawizi na kusema watoto wanalalamika kwamba sasa anawamalizia chakula. Nimekosa mtu wa kumhadithia, ndiyo maana nakuandikia wewe.

Waliobaki kwenye orodha yako ni wachache, nitawafikia wote. Pumzika, Mama yangu wa kazi. Asante kwa kukosea mbele ya macho yangu. Haya ninayowaambia watu leo, najua mengine yatakuja kuanguka, hata yenye A. Siku hiyo nitakwenda mwenyewe kuwaambia. Wewe ulikatizwa njiani. Mimi nikichelewa, nitakuwa sina sababu.

Poni wako