Miguu Yako Inaendeleaje?

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu, kwa wifi yako, na kwa binti yako ambaye sasa hivi yuko jikoni anaimba kwa sauti mbaya kweli. Sisi huku tu wazima. Wewe je, hujambo? Mgongo umepungua? Kifua kimetulia? Na miguu yako inaendeleaje? Hilo la miguu usiliruke, nitalirudia.

Najua umeshaanza kuichungulia barua kutoka chini, kama kawaida yako. Nakupunguzia kazi: amepita! Binti yako amechukuliwa chuo cha udaktari. Kaa kitako, vuta pumzi, lia kidogo ukitaka, halafu urudi tuendelee, maana jambo hili halikutokea lenyewe. Nilikuwepo mimi.

Unakumbuka alivyorudi mwaka jana baada ya kukataliwa. Alama anazo, akili anazo, lakini alipokalishwa mbele ya wale madaktari wa usaili aliongea kama redio iliyopoteza kitufe cha kuzimia. Walimletea mtu wa kuigiza mgonjwa, yeye akamhutubia mpaka maskini wa watu akakosa hata nafasi ya kukohoa. Wewe ukasema mwaka huu ndiyo mara ya mwisho, ikishindikana atafute kazi nyingine. Basi alipofika kwangu na begi lake alikuwa amekonda kwa hofu, chakula anakitazama tu.

Nikamwambia atulie, amefika kwa mwenyewe. Shule niliiacha mapema, na hadi leo walimu wanajuta, lakini wakubwa niliowakalisha mimi ni wengi kuliko waliokalishwa na chuo chochote. Makochi ya jaji nimeyashona mimi. Jenerali mmoja alikaa kwenye kochi langu akapitiwa na usingizi, vita vikaahirishwa mpaka alipoamka. Kwa hiyo nikapanga viti vitatu pale karakana, vya mteja, vimetoka kubadilishwa sponji. Wifi yako nikamweka katikati na miwani yake ya kusomea, kushoto nikakaa mwenyewe. Jirani yetu fundi redio nikamweka kulia, awe profesa, na cheo akakipokea kwa mikono miwili. Akamuuliza mtoto kwa nini anataka udaktari. Mtoto akaanza kwamba anapenda kusaidia watu. Jirani akamkatiza, akasema hata muuza maji anasaidia watu, ajibu tena. Wifi yako alicheka mpaka miwani ikamdondoka. Mtoto akanuna, kisha akajibu kwamba anapenda kulifuatilia jambo mpaka mwisho wake, na hajaona kitu chenye mambo mengi kama binadamu. Profesa wetu akasema sasa hapo tunaongea.

Na mgonjwa? Mgonjwa nilikuwa mimi, nani mwingine! Nilikuwa najilaza kwenye kochi refu naugulia maumivu. Leo ni nahodha aliyeng'atwa na papa, papa akafa yeye. Kesho ni kocha wa mpira. Siku nyingine nikajifunika shuka kichwani nikawa mjane mwenye mali, nyumba yake inagombewa na watoto tisa. Mwanzoni binti yako hakunivumilia. Kabla sijamaliza kusema naumwa, ameshaniandikia dawa. Wifi yako akamkemea, akamwambia amwache mzee aseme uongo wake mpaka uishe. Dada, wewe unaujua uongo wangu, hauna mwisho. Basi mtoto ikambidi ajifunze kunyamaza. Akawa anauliza kidogo, anasubiri, ananitazama usoni. Akagundua hata kwamba wagonjwa wangu wote, awe mwenye mguu wa kuvunjika au mkono wa kukatika, wakiulizwa hali huanza na "nzuri tu, daktari", ndipo walalamike.

Mimi nikajisifu moyoni kwamba nimeshatengeneza daktari. Kumbe alikuwa ananisikiliza kuliko nilivyotaka.

Jumamosi moja nilikuwa rubani aliyeanguka na ndege yake. Katikati ya ajali binti yako akaweka kalamu chini. Akaniambia, "Mjomba, nahodha alikuwa na kiu isiyokatika. Kocha naye kiu. Mjane naye kiu. Sasa rubani. Na wote miguu yao inakufa ganzi." Nikacheka, nikasema basi mjomba wako ameishiwa ubunifu. Akasema hapana, mjomba hajawahi kuishiwa. Anabadilisha jina, kazi, hata idadi ya watoto, ila hayo mawili hayabadiliki kamwe. Akaniomba ninyooshe miguu. Unajua kazini huwa navua viatu, na siku zote nimewaringia wateja kwamba nyayo zangu ni matairi, misumari inazikwepa yenyewe. Dada, kwenye unyayo wa kushoto kulikuwa na msumari mdogo wa kochi, umezama mpaka kichwa. Nimetembea nao tangu lini, sijui. Misumari haikuwa inanikwepa. Ni mimi niliyekuwa siisikii.

Sasa nikwambie nililokuficha. Ile kiu na ile ganzi nilikuwa nazo muda mrefu, na jina lake nililijua, kwa sababu nilimwona baba. Wewe ndiye uliyekuwa ukimbadilishia bendeji mpaka siku walipomkata mguu. Mimi nilisimama mlangoni, namsimulia vituko acheke. Niliogopa, dada. Nikaona afadhali niumwe kwa jina la nahodha.

Nikamwambia mtoto nitakwenda kupimwa, lakini yeye amalize usaili kwanza. Akakusanya karatasi zake zote akazirudisha kwenye begi. "Usipokwenda kupimwa, na mimi siendi kusailiwa." Kichwa kigumu kile kakitoa kwako, usibishe. Nikavaa shati langu la harusi, tukaenda kliniki. Muuguzi akaniuliza hali, nikasema nzuri tu. Binti yako akanikanyaga, tena mguu ule unaosikia. Ndipo nikasema kweli yote.

Ni kisukari. Lakini kimewahiwa. Dawa nameza, chai nakunywa bila sukari huku wifi yako akinilinda kama askari wa benki, na kidonda kimefunga. Daktari amesema nikifuata masharti mguu utabaki wangu. Sijui nikueleze vipi nilivyolala usingizi siku hiyo.

Na kwenye usaili walimletea tena mgonjwa wa kuigiza, mwanamume mnene anayesema kichwa kinamgonga. Mtoto akamuuliza hali. Yule bwana akasema nzuri tu. Binti yako akanyamaza, akasubiri, mpaka msaili mmoja akaacha kuandika akainua macho. Ndipo yule bwana akasema kichwa si kitu, anachoogopa ni kwamba mkewe marehemu alianza hivyo hivyo. Baadaye wakamuuliza amejifunza wapi kusikiliza namna ile. Akajibu, kwa mjomba wangu, ni mwongo sana. Jopo zima likacheka! Dada, nimetajwa chuo kikuu, na sikulipa ada.

Sasa turudi mwanzo. Nimekuandikia kwamba sisi ni wazima. Ni mazoea tu ya mkono. Lakini ile ya miguu haikuwa salamu. Binti yako ndiye aliyeniagiza nikuulize, kwa sababu yule baba alikuwa wetu sote wawili. Amesema ukijibu "nzuri tu" nisikubali. Kwa hiyo kapimwe kwanza, barua utajibu baadaye. Na usiogope. Nilishaogopa mimi kwa niaba yetu wote, inatosha.

Msalimie shemeji. Majirani waambie mpwa wangu ni daktari tayari, hiyo miaka ya kusoma ni ya kuhakikisha tu. Na wakiuliza mgonjwa wake wa kwanza alikuwa nani, usiwaambie nahodha.

Ni mimi kaka yako, mwenye miguu miwili,

Mfalme wa Makochi