Shapu ya Kiingereza

Jumanne usiku

Nami nikadhani ananisifu! Mume wangu mpenzi, mwezi wa kwanza huu wa ndoa, alinitumia meseji ya Kiingereza mchana kutoka kazini: eti jana nilikuwa "sharp" kwa mama yake. Huku Temeke mtu shapu ni mwepesi, mwerevu. Nikamjibu kwa mioyo na mabusu tele.

Jioni akanishika mkono. "Mke wangu, kwa Kiingereza hiyo ni kauli kali. Mama analalamika."

Hakupandisha sauti hata kidogo. Nikampenda upya, nikalia.

Jana mama mkwe alionja mchuzi wangu wa ukwaju, akasema, "Mwanangu, mbona mkali hivi?" Nikamtania, "Basi Mama, tukukorogee uji?" Nilicheka. Kumbe nilicheka peke yangu.

Nimempigia simu sasa hivi.

"Shikamoo Mama. Naomba unisamehe, ulikuwa utani."

"Marahaba. Kesho uje kwangu Kunduchi, nikufundishe kupika."

Nimesamehewa au nimesutwa? Mume wangu anasema nimesamehewa. Yeye ni mwanawe, atajuaje? Nageuka tu kitandani, sijui hata nivae nini.