Mafuta Aliyoniandikia Daktari

Kwa mama yangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Naubusu mkono wako kutoka huku Kanada, nikiomba barua hii ikukute una afya na magoti yamepunguza kukusumbua. Baba kifua chake vipi? Bado asomesha watoto Qurani chuoni kutwa nzima, hataki kuambiwa apumzike?

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu wewe simu huiweka sauti ya nje, na nusu ya mtaa wa Ndia Kuu ikawa imekaribishwa. Haya nataka uyasome peke yako.

Nilikwambia nilijigonga mguu kazini. Sikukwambia kwamba ulivunjika, wala kwamba tangu upone hauniachi nilale. Vidonge vya kwanza vilinitia kizunguzungu, kwa hiyo daktari akaniandikia mafuta, matone machache chini ya ulimi kabla ya kulala. Ni mafuta ya bangi, mama. Huku ni dawa halali. Mara ya kwanza kuyatumia nililala mpaka alfajiri, nikaamka nalia kwa furaha.

Mwezi uliopita ghala letu lilipima mikojo ya wote tunaoendesha mashine za kunyanyua mizigo. Wangu ukaonyesha bangi. Nikapeleka karatasi ya daktari mbio, nikidhani yamekwisha. Bibi wa ofisini akaisoma kwa adabu, akaniambia yaniruhusu kutumia dawa, hainiruhusu kupanda mashine. Nikamweleza kwamba asubuhi kichwa changu ni safi. Akasema kipimo hakijui hayo. Ama niende kufungasha maboksi, ama nitie sahihi kwamba mimi ni mraibu, nihudhurie darasa la waraibu mwaka mzima, nipimwe bila taarifa, na mafuta niyaache. Na kibali changu cha kukaa nchi hii ni cha kuendesha mashine. Nikishika maboksi tu, kibali kimekwisha.

Nikaomba siku tatu. Siku zote tatu nilimfikiria mdogo wangu Athmani.

Mimi ndiye niliyesema atoke nyumbani. Wewe ulikuwa walia, na mimi kwenye simu nashikilia kwamba mvuta bangi hakai nyumba moja na msahafu. Aliposema mgongo wamuuma kwa kupakua samaki bandarini Liwatoni, nilimcheka. Baba akamwekea msahafu mbele, akamwambia ale yamini kwamba havuti, na yaishie hapo. Uongo mmoja tu ungemweka nyumbani.

"Sili yamini ya urongo, baba," akasema, akachukua mfuko wake.

Mimi nimetia sahihi. Kila juma nasimama mbele ya watu nisiowajua nikijiita mraibu, na mguu waniuma vilevile. Mwaka huu kuja nyumbani siwezi, nikikosa darasa moja wanifukuza. Nimebanwa, mama, na naona aibu.

Nisalimie shangazi Zainabu wa nyumba ya pili, na mjomba Faki dukani kwake kwenye vinyago. Baba msalimie sana, ila haya usimsomee.

Athmani nasikia jioni huwa ufukweni Mama Ngina, kwa wauza mihogo. Mwendee mwenyewe, usimtume mtu. Mwambie ile yamini aliyoikataa yeye, dada yake ameila. Kisha mpe ufunguo wa chumba changu hapo nyumbani.

Mwanao,
Rukia