Harusi Sita kwenye Ukuta wa Bweni

Jumatatu, 24 Julai

Siku ya tisa ya kuwa mke wa mtu — na mtu mwenyewe ni Desmond, Dez wangu! Nimeandika jina lake pembezoni mwa ukurasa kama mwanafunzi wa kidato cha kwanza. Ametoka alfajiri kuendesha greda lake barabara ya mtoni. Kaniachia chai kwenye birika na ua la manjano ndani ya kikombe chake. Chai nimeinywa yote.

Shangazi yake, Delphine, amenipitia. Yeye ndiye mkuu wa kituo cha sanaa. Misheni inatimiza miaka mia tarehe 5 Agosti na askofu anakuja. Kanisa limejaza ukumbi picha zao: padri na ndevu zake, masista, ng'ombe, padri tena. Sisi tumechukua ukuta wa bweni la wasichana, ule mrefu unaotazama barabara. Kila familia ina kipande chake, ichore misheni ile waliyoijua wao. Shangazi anasema waliokuwa na funguo wamekwisha kusimulia, sasa zamu ya waliokuwa wakifungiwa.

Familia yetu haikuwa na mchoraji. Mimi shuleni nilisifiwa kwa kuchora.

"Basi bi harusi atuchoree harusi," kasema Shangazi, akanipa picha.

Ni ya mwaka 1958. Jozi sita za maharusi mbele ya mlango wa kanisa, wote wamefunga ndoa siku moja. Wa tatu kutoka kushoto ni Bibi Philomena, aliyemlea Dez. Ana miaka kumi na sita, uso kaugeuzia pembeni. Haya za bi harusi! Kando yake ni Babu. Alifariki mwaka jana, jina lake bado halitamkwi, ndiyo desturi yetu ya msiba.

Nawapenda wale wawili kupita kiasi. Miaka sitini na minne pamoja! Babu alikuwa akiketi kando ya moto kampa Bibi mgongo, halafu anaongea na mbwa: "Mwambie huyo mama nyama imeiva." Naye Bibi: "Mwambie huyo mzee nimesikia." Ukoo mzima unacheka hadi leo. Siku ya harusi yetu Dez alipiga magoti mbele ya watu, akamshika mbwa masikio yote mawili: "Mwambie huyo dada siwezi kuishi bila yeye." Nilikuwa nampenda tayari. Pale ndipo nilipokwisha kabisa.

Jumatano, 26 Julai

Nimechora tangu asubuhi. Kwenye picha wamesimama kama nguzo za uzio, kila mtu na lake. Mimi nimewageuza watazamane. Nimewashikanisha mikono, wote kumi na wawili. Juu yao maua, manjano na meupe.

Wanawake waliotoka dukani wamesimama kuniangalia.

"Bi harusi, mbona mabwana wote sita wanafanana na Dez?"

"Mwacheni, hajaona mwanamume mwingine huyo, macho yamefungwa."

Nimeangalia upya. Ni kweli, wanafanana. Nimeona haya hadi masikioni — lakini sikuwafuta.

Ijumaa, 28 Julai

Bibi amekuja kuona ukuta.

Shangazi alimletea kiti. Bibi huniita mke mwenzake, kwa kuwa Dez ni mume wake wa utani. Leo alianza hivyo hivyo: "Haya mke mwenzangu, nionyeshe umetutendaje." Kisha akasogeza uso karibu na ukuta. Shangazi alikuwa anaosha brashi, akaacha.

"Huyu ni nani?"

"Ni wewe, Bibi."

"Na huyu anayenitazama?"

"Babu."

"Hakuwahi kunitazama."

Nilidhani ni utani. Nikacheka. Nilicheka peke yangu.

Naandika alivyosema, nisije nikapotosha. Jumapili baada ya misa waliwapanga mistari miwili, wasichana wa bweni huku, wavulana kule. Padri alikuwa na karatasi. Wewe na wewe. Wewe na wewe. Alipofika kwake akamtaja Babu. Na Babu alikuwa mkwe wake.

Kila mtu kwetu huzaliwa na fungu lake. Fungu ndilo husema nani ni dada yako, nani unaweza kuolewa naye, nani ni mkwe wa kuhepwa maisha yote. Mama yangu alipiga simu tatu kuulizia fungu la Dez kabla hajaniruhusu hata kupanda gari lake. Kwa hesabu ya mafungu Bibi alikuwa mama mkwe wa Babu. Umri si hoja. Mkwe humtazami, humsemezi, huli naye. Ukimwona njiani unazunguka porini.

Nikamuuliza kwani hakusema.

"Nilisema. Sista akaniambia hayo ni mambo ya porini, sasa wewe ni wa Mungu."

Mama yake alikuwa nje ya uzio. Wazee wote walikaa nje ya uzio, watoto tu ndio waliofungiwa ndani. Alipoona binti yake kasimamishwa na nani, alijifunika blanketi kichwani. Hakumtazama tena mwanawe usoni hadi alipokufa.

"Si kwa hasira," kasema Bibi. "Kwa aibu."

Habari ya watoto sikuuliza. Alijibu mwenyewe. Taa ilizimwa, na kila mara Babu aliomba radhi. Aliuomba ukuta.

Kwa hiyo mgongo ule haukuwa mapenzi. Haukuwa chuki pia. Bibi anasema ndiyo heshima pekee aliyoachiwa mzee, akaishika miaka sitini na minne. "Nawe umemnyang'anya. Mgeuze."

Akajipangusa jasho kwapani, akanipaka viganjani, mbele ya Shangazi. Ndivyo hadithi inavyokabidhiwa hapa. Bila mwenyewe kukupa, huchori.

Nimefika nyumbani nikanawa mikono. Nilipokumbuka jasho la Bibi, sabuni ilikuwa imekwisha kulitoa.

Sina uchungu. Sina kitu.

Jumamosi, 29 Julai

Nimemwambia Dez. Tulikuwa tunakula mkia wa kangaruu, kaka zake wameuchoma kwenye majivu. Kwanza alicheka, akasema Bibi amezeeka. Kisha akaacha kula. Akaenda kwa Bibi kwa miguu, na gari lipo.

Aliporudi alisema, "Ndivyo." Basi.

Baadaye: "Kwani lazima ukutani?"

Nikasema Bibi amenikabidhi.

"Na Babu? Hadithi ni yake pia. Yeye kakukabidhi lini?"

Huwa namtazama Dez akiongea, namtazama mdomo, na moyo unaruka. Leo nilimtazama. Niliona mdomo.

Jumatatu, 31 Julai

Sikwenda ukutani. Nimefua mashuka. Nimeyaanika. Yalikauka, nikayafua tena.

Jumanne, 1 Agosti

Shangazi amekuja, kakuta nimeketi. Nikamwambia hoja ya Dez kwamba Babu hakutoa ruhusa.

Alichemsha maji mwenyewe, akatia sukari vijiko vitatu, akanywa nusu kikombe kabla ya kujibu. Akasema yeye na ndugu zake walijua nusu nusu tangu utotoni. Watoto wenzao waliwaambia ninyi hamna fungu, ninyi mlitoka kwenye karatasi ya padri. Wazee wakakaa, wakahesabu, wakawapa fungu kupitia kwa mama. Lakini lile tusi lilibaki. Kaka yake, baba yake Dez, alipigana kwa ajili ya tusi hilo hadi akaacha shule. Dez hakuambiwa kwa nini.

"Na ruhusa ya Babu?" nikasema.

"Baba yangu alisema kila siku alipoketi kampa Mama mgongo. Sisi ndio tulikuwa tunacheka."

Akaosha kikombe, akaondoka.

Alhamisi, 3 Agosti

Nimepaka weupe juu ya wawili wa katikati. Nimesubiri ukauke. Nimewachora upya, mgongo kwa mgongo, mikono mitupu. Nje ya uzio nimemweka mama yake Bibi, blanketi kichwani. Hana uso, kwa hiyo alikuwa rahisi kuchora.

Jozi zile nyingine tano sijazigusa. Sina hadithi zao. Bado wanatazamana na maua juu.

Mgongo wa Babu nimeuchora kwa kumkumbuka Dez akivaa shati asubuhi. Nilijua kila mfupa. Mkono ulikwenda moja kwa moja. Ningependa ukwame.

Dez amehamia kwa binamu yake. Kachukua viatu vya kazi na chaja ya simu. Wiki tatu kesho kutwa.

Ijumaa, 4 Agosti

Dez alikuja ukutani saa sita mchana. Alisimama kwenye jua bila kofia. Nilidhani atanitukana. Akasema mgongo ndio wenyewe.

Kisha akashusha turubai kutoka nyuma ya gari, lile zito la kufunikia mizigo, akalitupa miguuni pangu.

"Funika kipande chetu tu. Kesho kabla askofu hajafika. Akishaondoka funua, fanya unavyotaka."

Nikamuuliza kama ni askofu anayemwogopa.

"Namwogopa kila mtu, Kaylene. Watakuja kutoka kambi zote za watu wetu. Watasema yule mzee alilala na mkwe wake. Hawatasema padri alisoma karatasi. Watasema mzee." Akavuta pumzi. "Mimi alinifundisha kutembea."

Akasema nisipolifunika asubuhi, nisimtafute kwa binamu yake.

Bibi alikuwa kwenye kiti, alisikia yote. Gari lilipoondoka akasema mume akinuna hurudi kwa njaa. Baadaye kidogo akasema huyu pengine hatarudi, yeye ana kichwa cha babu yake. Nikamuuliza nifanye nini. Akasema yeye ameishi maisha aliyochaguliwa na mtu mwenye karatasi, hawezi kunisomea mimi ya kwangu.

Nilijaribu kuandika hapa jinsi ninavyompenda Dez. Nimeandika mistari minne. Ni maneno yale yale ya Julai. Nimeyakata.

Jumamosi, 5 Agosti

Niko ukutani tangu saa moja. Naandika juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Sijafunika.

Gari la Dez liko chini ya mti ng'ambo ya barabara. Lilikuwepo nilipofika. Kioo kimepandishwa.

Watu wameanza kuja. Mabasi mawili ya kambi za mashariki. Wanapita polepole, familia kwa familia. Mbele ya kipande chetu wanasimama, kisha wanaendelea. Mzee mmoja alivua kofia. Vijana wawili walinong'onezana, mmoja akacheka, mwenzake akampiga kiwiko. Nimeona. Dez ameona pia, bila shaka.

Saa mbili na nusu akaletwa Bibi Benedicta kwa kiti cha magurudumu, binti yake akisukuma. Sikuwahi kumwona, anaishi kwenye nyumba ya wazee mjini. Kakaa mbele ya harusi zangu. Akauliza yeye ni yupi. Nikaitazama picha ya 1958, binti yake akanionyesha: wa tano kutoka kushoto.

"Na huyu anayenishika mkono ndiye niliyepewa."

"Ndiye Baba," kasema binti.

Bibi Benedicta akawatazama Bibi na Babu yetu, mgongo kwa mgongo. Kisha akajitazama yeye. Akaelekeza kwa midomo.

"Na sisi utugeuze."

"Mama, acha maneno. Wewe na Baba mlikuwa sawa."

"Nani alikwambia?"

Binti akaenda kusimama kivulini, anatazama simu ambayo haijawashwa.

Bibi Benedicta akanyoosha mkono kwapani, akaniita nisogee. Jasho lake lilikuwa baridi. Safari hii sikunawa.

Nimeipaka weupe jozi ya tano. Nasubiri ukauke, ndiyo maana naandika. Bibi Philomena amesogeza kiti chake hadi cha mwenzake. Wanakula biskuti kwenye pakiti moja.

Saa tatu kasoro kumi. Gari la askofu linaonekana kwa vumbi lake, bado liko kwenye kona ya kisima.

Mlango wa Dez umefunguka. Anavuka barabara. Amewapita vijana wale wawili bila kuwatazama. Amesimama mbele ya mabibi, amewaamkia, wa kwetu kwanza. Bibi Benedicta kamuuliza wewe mtoto wa nani. Amemjibu. Kataja fungu lake pia, kwa sauti, hadi mimi nimesikia. Bibi Benedicta ametikisa kichwa kukubali, akampa biskuti. Ameila.

Sasa yuko hapa. Ameutazama weupe mbichi wa jozi ya tano, kisha mgongo wa Babu, kisha mimi. Ameinama, ameshika ncha moja ya turubai. Ni zito, halinyanyuliwi na mtu mmoja. Ncha ya pili iko miguuni pangu. Sijui anataka kufunika au kuliondoa, naye hasemi niishike. Anangoja tu, turubai mkononi.

Nimegusa ukuta kwa kidole. Umekauka.

Anangoja. Mimi bado naandika.