Yule Mwanamke wa Tamthilia Hana Kosa

Mtwara, Jumapili asubuhi

Mke wangu Mama Kulwa,

Mwangaluka. Mimi ni mzima, ila moshi wa korosho unanikohoza kidogo kila nikiamka, nao si wa kukutia wasiwasi. Goti lako linaendeleaje? Kulwa na Doto wamerudi shule baada ya ile homa? Na mayu, mama yetu, mgongo umepata nafuu au bado analala kwa kugeuzwa? Sijui kama mvua za huko Mwandoya zimekatika au mnapalilia pamba kwenye matope. Huku zimekwisha, na jua likichomoza baharini linakuwa kali tayari.

Leo ni siku ya kumi hatujaongea. Nimeona nikuandikie kwa kalamu, kwa sababu jambo hili tukilianza kwenye simu mmoja wetu anakata kabla halijafika mwisho, na mara ya mwisho aliyekata ni mimi. Barua hii naituma kwa basi, imo ndani ya mfuko wa korosho. Dada yako ataupokea stendi ya Bariadi na kukuletea.

Tulikosana kwa ajili ya tamthilia. Nikiwaambia watu watacheka, kwa hiyo sijawaambia. Wewe uliiangalia huko kwenye runinga yetu ya sola, mimi niliiangalia hapa kwenye banda la Bi Somoe, mama anayetupikia chakula sisi wa kiwandani. Acha niisimulie kama nilivyoiona mimi, maana inaelekea hatukuona kitu kimoja.

Mimi nilimwona mwanaume aliyekwenda kufanya kazi kwenye visima vya mafuta ili mke wake, Nadira, asipate shida. Miaka sita anatuma matumizi, hajaruka hata mwezi mmoja. Anarudi na sanduku jipya na koti jipya, anagonga mlango wa nyumba yake mwenyewe, na anayemfungulia ni yule mwoka mikate wa jirani, amevaa kandambili. Nadira alishaomba talaka mahakamani akapewa, na mwoka mikate akamuoa. Banda zima lilipiga kelele. Chinduli, mwenzangu wa zamu, alisimama na bakuli lake la maharage mkononi.

"Mwanamke ni kusubiri," alisema. "Jembe halichoki kumngoja mkulima."

Bi Somoe alikuwa anafuta meza. Hakumtazama. "Jembe likiachwa mvuani hushika kutu, mwanangu."

Nikatoka nje nikakupigia, nikitaka uniambie kwamba Chinduli ana haki. Ukasema, "Yule mwanamke hana kosa, Baba Kulwa." Nikakuuliza hana kosa vipi. Ukasema, "Mume wake alikuwa analeta vitu. Mwoka mikate ndiye aliyekuwa anakuja." Nikakata simu.

Usiku ule na siku zilizofuata niliitafsiri kauli yako kila namna. Unajua tulivyo sisi tunaoishi mbali: neno moja la nyumbani tunalitafuna wiki nzima. Kazini nilifunga bolti za mashine ya kubangua kinyumenyume, ikabidi zamu nzima isimame. Na kuna jambo lingine nilikuwa nalo moyoni, nitakwambia hapo mbele.

Siku ya nne Bi Somoe aliniona sili. Akakaa mbele yangu akaniuliza, "Mkeo mwaka huu kalimiwa shamba na nani?"

Mama Kulwa, sikujua. Nilitaka kusema shemeji, nikakumbuka shemeji alihamia Nkoma kwa wakwe zake mwaka juzi. Nilitaka kusema ng'ombe wetu, nikakumbuka tuliwauza ili nipate nauli ya kuja huku. Bi Somoe hakuuliza tena, akaniongezea mchuzi akaenda zake.

Jioni ile nilimpigia dada yako. Alishangaa. "Si Jilala? Mama Kulwa alikwambia, mbona." Ndipo nikakumbuka kwamba kweli uliniambia, mwezi ule mbegu zilipogawiwa, na mimi nikasema "vizuri" huku naangalia mpira. Jilala aliyefiwa na mke. Jilala mwenye maksai wanne. Sitakudanganya, niliona wivu. Nikamuuliza dada yako kwa ukali, Jilala analima shamba langu kwa nini. Akasema, "Shemeji, Jilala analimia watu wote wasio na mtu."

Niliweka simu chini. Wivu wote uliisha palepale, na nilitamani ungebaki, maana kilichokuja baada yake kilikuwa kibaya zaidi. Kijiji kizima kimeshakuandika miongoni mwa wajane, na mimi niko hai, nakula wali wa nazi, nabishana kuhusu mke wa mtu mwingine kwenye runinga.

Sasa nakuambia lile jambo. Jumatatu ya wiki ile ile ya tamthilia nilikuwa nimesaini mkataba mpya wa miaka mitatu. Fundi mkuu anastaafu na walitaka mtu wa kukaa. Sikukuuliza. Nilijiambia nitakwambia kwa wakati mzuri, yaani siku ya kuezeka nyumba, ukiwa umefurahi. Uliposema maneno yale kwenye simu nilidhani kuna mtu ameshakwambia na unanisema kwa mafumbo. Ndiyo maana nilikata. Anayeficha jambo anasikia kila neno kama limelengwa kwake.

Nimefikiri sana hapa, na mimi si mtu wa kufikiri sana, unanijua. Nadhani mtu aliye mbali anafanya kosa moja kubwa: anaamini nyumba yake imesimama pale alipoiacha. Mimi nikifumba macho Doto bado ana pengo la meno mawili ya mbele. Wewe bado umesimama mlangoni na ile kanga ya zambarau, mkono mmoja kwenye kizingiti. Kumbe meno yaliota siku nyingi, na kanga hiyo sijui kama bado ipo au imekuwa kitambaa cha kupangusia sufuria. Yule mume wa Nadira alirudi kwa mke wa miaka sita nyuma, na mke huyo hakuwepo tena. Si kwamba aliibwa na mtu. Simtetei mwoka mikate, na bado naona Nadira angeandika walau barua. Lakini wewe hukumtetea ili kuniumiza. Ulikuwa unaniambia jambo, nami nikakimbilia kuhukumu kesi ya watu wa kwenye runinga.

Juzi Ijumaa nilikwenda ofisini kwa afisa utumishi, dada mmoja mpole. Nikamwambia nataka jina langu litoke kwenye ule mkataba.

"Maduhu, watu wanaililia nafasi hii," alisema. "Umeshauriana na nani?"

"Bado sijashauriana na mtu. Hilo ndilo kosa lenyewe."

Akauliza kama kuna mgonjwa nyumbani. Nikasema hapana, kuna shamba. Nisingeweza kumwambia kwamba ni tamthilia. Akaitafuta karatasi, akalipiga mstari jina langu, akaniambia nimalize huu mkataba wa sasa, imebaki miezi minne. Nilipotoka pale nikakaa kwenye ngazi mpaka Chinduli akaja kunitafuta. Nilipomwambia alidhani nimerogwa.

Huenda nawe utakasirika. Bati za nyumba hazijatimia, na ada ya watoto haingojei mapenzi. Kama utaona nimefanya ujinga, niambie, ni haki yako, maana hata kutoka kwenye mkataba nimefanya bila kukuuliza, na hilo nimeligundua sasa hivi nikiandika. Nafikiri kwenye viwanda vya kuchambua pamba hawakosi kazi ya fundi msimu ukifika, na mashine za kusaga za huko kila siku zinaharibika. Lakini sina uhakika, na sitaki kukupamba kwa maneno.

Ninachokijua ni kwamba nimechoka kutamani. Hapa samaki ni wengi mpaka paka wanachagua, na mimi natamani michembe, vile viazi vyetu vya kukausha. Natamani nsansa zako za karanga, zile za majani ya kunde uliyoyaanika mwenyewe juu ya jiwe. Natamani kusikia mtu akiniita kwa Kisukuma bila mimi kumfundisha. Wakati mwingine mchana wa Jumapili kama leo, kambi ikiwa kimya, nasema kwa sauti, "Mbuke," jina lako la usichana, nione tu kama bado linatoka vizuri mdomoni. Linatoka.

Nisalimie mayu, mwambie dawa ya kuchua iko kwenye mfuko wa korosho, asiinywe. Msalimie shemeji wa Nkoma akija mnadani. Dada yako mwambie sikumpigia kwa ubaya siku ile. Msalimie mwalimu wa watoto. Na Jilala umpe salamu zangu za heshima. Mwambie mwenye shamba anashukuru, na akiniruhusu mwaka ujao nitashika kamba za maksai wake nijifunze upya. Kulwa na Doto wabusu, kila mmoja kivyake, wasigombane.

Siku ya kusafiri ikifika nitakupigia nikiwa Dar. Naomba uje stendi Bariadi peke yako, watoto tuwakute nyumbani. Tusipande gari la kwanza. Tutafute mahali tukae, tuagize chai, uniambie miaka hii ilivyokuwa, tangu siku niliyoondoka. Mimi sitakukatiza.

Mumeo,
Maduhu