Udongo Uliokuja Chini ya Asali

Carama, Bujumbura
Jumapili mchana

Mama yangu,

Shikamoo. Goti lako linasemaje na baridi hizi za asubuhi? Na mdogo wangu Mwajuma, tumbo lake limeanza kuonekana au bado analificha ndani ya khanga mbili? Mimi nipo, natembea, nalala. Mtoto anacheza. Nimeanza na hilo makusudi, ili unaposikia yanayofuata uwe umeshajua kwamba anacheza.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungeniambia "haya, nimesikia, Mungu mkubwa," kisha ungehamia kwenye habari za mvua. Shemeji yangu anakuja Tabora kufuata mchele, nimempa mkononi. Najua macho yako siku hizi hayawezi maandishi madogo na kwamba anayekusomea ni Mwajuma. Naomba asome yote, kwa sauti, asiruke.

Mama, Alhamisi nilipata mshtuko ambao mpaka leo haujanitoka.

Unajua nilivyo tangu mimba ishike. Nikiogopa nasoma, na nikisoma naogopa zaidi. Mama mkwe wangu, Mama Yasini, mapenzi yake yote yako kwenye sahani. Jirani yetu ana ng'ombe, na kila asubuhi maziwa yanaingia ndani yakiwa bado na joto la ng'ombe mwenyewe. Alinimiminia kikombe, nikakataa. Akachoma mukeke, samaki wa ziwa hili ambaye watu wa hapa wanamsifu kama sisi tunavyosifu asali yetu. Nikamfunua, nikaona wekundu karibu na mfupa, nikarudisha sahani. Akapika ndagala, hawa dagaa wao, nikasema wameanikwa chini, nani anajua wameokota uchafu gani.

"We docteur," akaniambia mbele ya wote, akinitania kwamba ni daktari, "mi nimezaa batoto saba mu hii nyumba. Bote banakulaka ndagala. Umeona mumoja mwenye kuwa na mukia?"

Wakacheka, mume wangu Yasini akiwa wa kwanza. Mimi nikacheka kwa meno tu.

Kisha nikaingia chumbani, nikafunga mlango, nikatoa kwenye mkoba vijiti vya ule udongo mweupe uliokuwa unanitumia, uliofungwa kwenye kitambaa chini ya chupa za asali. Nilikuwa nautafuna polepole. Unajua unavyolegea ulimini, na ile harufu ya uwanja wetu mvua ya kwanza inapogusa vumbi. Kwa muda ule sikuwa Bujumbura, na hakuna aliyekuwa ananiita docteur. Mwanzoni kilikuwa kipande baada ya chakula. Baadaye kikawa kipande badala ya chakula. Yasini hakujua. Sikumficha kwa kuona nafanya vibaya. Katika nyumba hii ya watu wengi, kile kilikuwa changu peke yangu.

Nikaanza kuchoka. Ngazi za ofisini kule Rohero nilikuwa nazipanda nikishika ukuta kama bibi. Moyo ulikuwa unadunda mpaka nausikia masikioni. Nikajiambia ndiyo mimba. Alhamisi nikaanguka kwenye ngazi hizo, si vibaya, nilikaa tu bila kupenda, na Yasini akaja akanipeleka kliniki.

Daktari ni msichana wa umri wangu. Alinivuta kope la chini, akanipa kioo nijione. Mama, ndani kulikuwa kweupe kama samaki aliyechemshwa. Wakachukua damu. Aliporudi na majibu hakunikemea. Aliuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza jina: "Unakula udongo gani?"

Hakuuliza kama ninakula. Aliuliza gani.

Yasini akacheka. "Huyu? Docteur, huyu anakataa hata maziwa ya mama yangu."

Daktari akawa ananitazama mimi, na mimi nautazama mkoba wangu. Kicheko cha Yasini kikaishia katikati.

"Uutoe," akasema.

Nikatoa kijiti. Akakichukua, akakivunja ndani ya glasi ya maji, akakoroga, akaiweka mezani. Tukangoja. Maji yakawa kama uji mwepesi, kisha taratibu yakaanza kushusha vilivyomo. Chini kabisa ukakaa mchanga. Juu yake uzi wa gunia. Kisha unywele, mrefu, si wangu. Na kitu kidogo cheusi ambacho sikutaka kukijua.

"Sasa kunywa," daktari akaniambia.

"Siwezi."

"Lakini kutafuna unaweza."

Yasini akasema kwa sauti ya chini, kama anayejiuliza mwenyewe, "Ndagala zimeanikwa chini." Afadhali angenifokea.

Nakuandikia alichosema daktari, uelewe kama nilivyoelewa. Udongo ule ukiwa tumboni unashika madini ya chuma yaliyomo kwenye chakula, yale yanayotengeneza damu, na mwili unayakosa. Wakati mwingine unakuja na mayai ya minyoo. Wakati mwingine una madini ya risasi, na hayo yanamfikia mtoto bila mama kuhisi kitu, yanaweza kumharibu akili. Hakuna anayeweza kujua kwa kuutazama wala kwa kuuonja. Kuukausha juani au kuuchoma hakuondoi risasi. Na kuutamani sana kunaweza kuwa dalili kwamba damu imepungua, kwa hiyo mtu anakula, damu inapungua, anautamani zaidi.

Akanipima tumbo. Tukasikia moyo wa mtoto ukikimbia, nikalia. Amesema mtoto ni mdogo kidogo kuliko alivyotarajia, watakuwa wanamwangalia. Nimepewa vidonge vya kuongeza damu, na damu yangu imepelekwa kupimwa hiyo risasi. Majibu bado. Hapo ndipo nilipo, mama, katika hiyo bado.

Tangu siku hiyo nawaza jambo moja. Nilikagua kila kilichotoka mkononi mwa mtu mwingine. Kilichotoka mkononi mwako sikukikagua, na nisingekikagua kamwe. Wewe ulipewa na bibi, ukaula ukiwa na mimba yangu, ukaninunulia kwa mama yule yule wa sokoni. Ulinitumia kilichokutuliza wewe. Yalikuwa mapenzi, nakuomba usiyabadilishe jina kwa sababu ya barua hii.

Na najua sasa hivi unamfikiria yule mtoto wako aliyetangulia kabla ya Mwajuma, ambaye hakukaa. Na mimi nilimfikiria. Nilimuuliza daktari. Akasema hakuna anayeweza kujua, watoto hufariki kwa sababu nyingi, na nisithubutu kukubebesha lawama. Sikubebeshi. Na wewe usijitwishe.

Nyumbani nilimwambia mama mkwe mimi mwenyewe, jikoni. Nilisubiri anicheke. Aligeuza sufuria, akasema, "Na mi nilikulaka. Ule wa mulima." Kisha: "Njo sababu ulikuwa na sura ya maiti. Kuja ukule."

Nikala ndagala na lengalenga, mchicha wao, nikaongeza. Maziwa nilikuwa na haki ya kuyakataa yakiwa mabichi, daktari kasema, kwa hiyo sasa ananiita kila asubuhi yanapopanda. "Docteur, kuja ushuhudie." Anayaacha yachemke mpaka jirani anasikia harufu. Samaki anamchoma mpaka anakuwa kuni. Tumebaki na vita vya mayai, maana yeye anaamini nikiyala mtoto atazaliwa bila nywele. Jana nilikuta mawili yamechemshwa juu ya meza. "Mi sijue nani ameyaweka," akasema, na akaangalia dirishani mpaka nikamaliza.

Meno yangu bado yanautafuta. Majirani wakimwagia uwanja maji, inabidi niingie ndani.

Nisalimie baba mdogo na redio zake ambazo hazijawahi kupona, na shangazi mwambie dua zake nazihitaji kuliko zamani. Mama wa sokoni msimgombeze, mumweleze tu, kwa upole, kama nilivyoelezwa mimi. Asali endelea kunitumia, peke yake.

Sasa Mwajuma, mdogo wangu. Najua umesoma barua hii na kipande cha udongo kiko shavuni, maana nakujua unavyotamka ukiwa nacho. Vingine viko kwenye kopo la chai, nyuma ya sukari. Kiteme. Leta glasi ya maji, uvunjie humo kimoja, uiweke mbele ya mama, mkae mtazame wote wawili mpaka maji yatulie. Halafu kesho mwende mkapimwe damu, hata kama unajiona mzima. Mimi nilijiona mzima.

Mwanao, na dada yako,
Tatu