Kikombe cha Kwanza cha Kinanda

Chumba cha nyuma ya baa,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mwanangu,

Hujambo huko uliko? Mkeo hajambo, na yule binti yenu ameshaota meno? Natumaini baridi haijawaingia vifuani. Mimi bado nahema, ingawa nimeshauriwa nisijivunie sana. Ini limegoma. Daktari, kijana mwenye adabu nyingi, ameacha kuniandikia dawa. Sasa ananiuliza tu kama nalala vizuri.

Barua yako nimeipata. Unataka kufungua baa, na unaniuliza ununue vyombo gani. Nitakujibu hayo kwanza, maana ndiyo ninayoweza kuyasema bila kudanganya.

Lile friji la milango ya vioo ulilonitumia picha yake ni zuri kwa kupigwa picha. Friji huchaguliwa kwa mpira wa mlango. Bana karatasi, funga, halafu ivute. Ikichomoka kirahisi, mwachie muuzaji friji lake akahifadhie viatu. Usilibandike ukutani, liache lipumue. Vumbi la mgongoni lifute mwenyewe, kwa sababu mfanyakazi atafuta mbele panapoonekana.

Glasi zioshwe mbali na sahani. Mafuta kidogo tu huua povu, na mlevi atakusamehe mengi, lakini si bia iliyolala.

Mashine ya bia ya pipa, nunua yenye mipira mifupi ya kupitishia bia, inayofunguka yote. Mipira hiyo huoshwa kila wiki kwa dawa kali, kisha husuuzwa kwa maji mengi. Dawa yenyewe haina rangi. Utaijua kwa vidole: maji yakiwa bado yanateleza kama sabuni, endelea kusuuza. Usimwamini mtu anayekwambia tayari, hata akiwa ndugu yako wa tumbo moja.

Hapo ndipo nilipotaka kufika.

Mashine yetu aliinunua baba yako, mdogo wangu, tena ya mtumba, bila kuniuliza mimi niliyesomeshwa. Ada ya wazazi wetu ilitosha mtoto mmoja, nikawa mimi. Yeye hakujifunza hata herufi moja, akabaki na sauti. Unakumbuka walivyomwita Kinanda. Akiimba pale kaunta, watu walisahau kurudi makwao. Kwa ajili yangu hakuna aliyewahi kuongeza hata chupa moja.

Desturi ya baa yetu ilikuwa kwamba mipira ikishaoshwa, Kinanda alikunywa kikombe cha kwanza mbele ya wateja, kile kikombe cha bati, kwa mkupuo mmoja, huku wakimpigia meza. Jumamosi ile alikuwa amekwisha kutia dawa alipoitwa nje kupokea mapipa. Akaniachia kusuuza. Nikafungua maji, nikayafunga papo hapo, nikaunganisha pipa.

"Kaka, tayari?"

"Tayari. Kunywa bwana, watu wana kiu."

Nilitaka ateme, wamcheke yeye na mtumba wake. Ningependa uamini kwamba nilidhani angeonja kwanza. Lakini nilikuwa nikimwona kila Jumamosi, na hakuwahi kuonja.

Uliporudi kutoka shule ya bweni ulimkuta koo limeungua, na mkwaruzo mahali pa sauti. Ulikwisha kuambiwa kwamba alilewa akasahau kusuuza. Niliyewaambia watu hivyo ni mimi. Yeye alininyooshea kidole mbele ya ukoo mzima, tena na tena, nami nikawatafsiria: "Anasema nishike baa." Wakaitikia kwa vichwa. Nani angembishia msomi?

Na siku ya kuagana, alipokushika mkono akawa anaupigisha kifuani pake, nikakutafsiria wewe pia. Nikasema, "Baba yako anasema nenda, usirudi kumwona akiwa hivi." Ukalia, ukatii. Tangu hapo kila barua unaniandikia mimi, na yeye unamwachia mstari mmoja mwishoni. Mwanangu, hakusema hivyo. Alikuwa anakuomba ubaki. Nilikuondoa kwa sababu ulikuwa umeanza kumwelewa.

Sikuombi msamaha. Hata ukinipa, sitakuwepo kuutumia. Baa jenga popote upendapo, lakini kwanza njoo umwone. Akiupigisha tena mkono wako kifuani, hutahitaji mkalimani.

Anayeniuguza ni yeye. Hunigeuza, hunifuta, hata mke asingeweza zaidi. Barua hii ataipeleka posta yeye mwenyewe, bila kujua amebeba nini. Kila asubuhi hunijazia maji kile kikombe cha bati, ambacho sikujua kwamba alikitunza. Huchovya vidole viwili, akavisugua taratibu huku akinitazama machoni, kisha huinua kichwa changu ninywe. Hajawahi kuruka hata siku moja.

Msalimie mkeo, na umbusu mjukuu wangu ambaye sitamwona. Shangazi yako anakusalimu na kulalamika, kama kawaida yake. Mungu akupe biashara yenye wateja wengi, na akuepushe na ndugu wa aina yangu.

Nafunga sasa. Kinanda ameingia na maji. Leo hakuchovya vidole. Ameweka kikombe kando ya karatasi hii, akavuta kiti, na anasubiri nimalize kuandika.

Nina kiu sana.

Ni mimi baba yako mkubwa, akupendaye kwa kadiri alivyojaliwa.